Gari Haina Kitu

Gari lilizima tena, mara ya nne tangu jua litoke, na Wendelini akaupiga usukani kofi kama anayemwadhibu mtoto mkaidi.

"Usiipige," alisema fundi Saimon, kichwa kikiwa ndani ya boneti. "Haisikii. Washa."

Akawasha. Injini iliitika mara moja na ikanguruma vizuri muda wote mguu wake ulipokuwa juu ya pedeli ya mafuta. Alipouinua, mlio ukashuka, pikapu nzima ikatetemeka kama mtu mwenye homa, kisha kimya. Kuku wa jirani hawakukimbia. Walikuwa wameshazoea.

"Haikai sailensi," Saimon alisema. Mafundi wa Mfaranyaki huuita hivyo ule mngurumo mdogo wa gari lililosimama bila kuzimwa. "Ikitembea, haina neno. Ikisimama, inakufa."

"Hayo nayajua tangu wiki tatu. Nataka dawa."

"Dawa inakuja baada ya vipimo, mzee. Ama jeti ndogo ya kabureta imeziba, ukiinua mguu petroli haipiti. Ama kuna mahali inavuta hewa ya pembeni, hewa inazidi mafuta. Niachie mpaka saa tisa. Nafungua kabureta, naiosha, nakagua mipira yote mmoja mmoja."

"Saa tano maiti inaingia kanisani."

Saimon akatoa kichwa. "Maiti ya nani?"

"Ya shemeji yangu Fransisko. Naibeba mimi mpaka kwao, nyuma ya Namtumbo."

"Kwa hii?"

"Kwa hii. Pandisha skrubu ya sailensi, uniache niende."

Saimon alimtazama, akachukua bisibisi, akaizungusha skrubu mara mbili, mara tatu. Pikapu ikaunguruma mahali pale kama mashine ya kusaga iliyokosa mahindi. Haikuzima.

"Umeona?" Wendelini alisema.

"Nimeona ikiwa ya baridi. Ikipata moto sikuahidi chochote. Sikiliza, waambie wenye msiba watafute gari lingine. Mficha maradhi..."

"Shilingi ngapi?"

"Elfu tatu. Lakini nakwambia..."

"Shika."

Mkewe Ekaristia alikuwa mlangoni tangu mwanzo, tayari na kanga ya msibani kiunoni. Alimngoja Saimon afunge mkoba wake na kuondoka.

"Baba Renatha, fundi amesema kweli. Piga simu kwa shemeji Aidani sasa hivi. Lori la chama lipo, walisema wenyewe."

"Nimpigie nimwambie nini?"

"Mwambie gari mbovu."

"Panda twende."

"Unaona aibu."

"Nimesema panda."

Ni kweli aliona aibu, lakini aibu ile ilikuwa na umri mkubwa kuliko gari. Lidwina, mdogo wake wa mwisho, alipoolewa na Fransisko, kaka mkubwa wa bwana harusi, Aidani, aliuliza mbele ya watu kama ukoo wa bibi harusi utaweza kufika kwa miguu au waletewe usafiri. Watu walicheka. Wendelini naye alicheka, akameza. Miaka kumi na sita baadaye akawa na pikapu yake, ya kubebea mkaa, mahindi na makochi ya watu wanaohama. Na jana alasiri, kwenye kikao cha msiba Majengo, Aidani aliposema kwamba chama cha wakulima wa tumbaku kimetoa lori la kubeba jeneza, Wendelini alisimama.

"Shemeji yangu hawezi kubebwa kama robota la tumbaku," alisema. "Atabebwa na gari ya ukoo wa mke wake."

Aidani alimtazama kutoka viatu mpaka kichwani. "Gari yako nzima?"

"Nzima kuliko sisi wote tuliokaa hapa."

Watu walicheka tena, safari hii upande wake. Kwa kicheko hicho kimoja alikubali kubeba maiti kilomita zaidi ya sabini kwa gari lisiloweza kusimama.

*

Kanisani ilizima mara ya kwanza mbele ya watu.

Alikuwa ameegesha mbele ya mlango, nyuma ya pikapu ikitazama ngazi. Misa ikaisha, wanaume wakaleta jeneza na kulipakia, Aidani akiwa ameshika kona ya mbele. Wendelini aliwasha mapema ili gari lipate nguvu. Padri akaja na maji ya baraka, kwaya ikashusha sauti. Mle ndani ya ukimya, injini ikashuka, ikatikisika, jeneza likatikisika pamoja nayo, ikafa. Mlio wa vyuma uliobaki ulisikika mpaka kwa watu wa mwisho.

Padri alimaliza sala yake. Aidani akaja dirishani.

"Shemeji, gari ina nini?"

Hapo ndipo ulipokuwa mlango wa kutokea, nao ulikuwa wazi. Angeweza kusema, skrubu imelegea, kabureta inasumbua, ni gari la zamani. Watu wangenuna dakika tano. Lori lingeitwa. Lakini nyuma ya Aidani walikuwa wamesimama watu wale wale waliocheka jana.

"Gari haina kitu," Wendelini alisema.

"Haina kitu?"

"Haina kitu, shemeji. Imetoka kwa fundi leo leo."

Aidani aligeuka akamtazama dada yake Severina, naye Severina akamtazama Lidwina, mjane, aliyekuwa amekaa ndani ya kabini kati ya usukani na Ekaristia, macho yamevimba, rozari imemzunguka vidole.

"Haina kitu," Severina alirudia polepole, kama mtu anayeonja mboga ajue kilichozidi.

Gari likawaka kwa ufunguo wa kwanza. Wakaondoka, na basi dogo la Kosta lenye waombolezaji likafuata.

*

Kuendesha gari lisilokaa sailensi ni kazi ya mtu mwenye miguu mitatu. Kila alipokaribia tuta, Wendelini alishika breki kwa mguu wa kushoto na kukanyaga mafuta kidogo kwa wa kulia, halafu klachi ikadai mguu ambao hakuwa nao. Jasho lilimtoka mgongoni. Breki nayo siku hiyo ilikuwa ngumu kama anakanyaga jiwe. Alipenda mteremko, alichukia ng'ombe, watoto wa shule na kila aliyetaka kuvuka barabara.

"Kaka, mbona unaingurumisha hivyo?" Lidwina aliuliza. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu kanisani.

"Mzigo mzito."

Ekaristia alikohoa. Wendelini alijua kikohozi kile.

Nyuma, kwenye bodi, Aidani, Severina na wanaume wanne wa ukoo walikaa kulizunguka jeneza. Dirisha dogo la nyuma lilikuwa halina kioo, na maneno yao yaliingia vipande vipande pamoja na upepo. "Mkewe alikataa asiletwe nyumbani." "Mwaka mzima hospitali, hospitali." "Na nyumba ile ya Majengo, vyumba vinne, wapangaji wawili." "Fransisko hakuwa mtu wa kugoma bure."

Lidwina aliyasikia. Aliendelea kusogeza punje za rozari.

Kwenye geti la ushuru wa mazao, mlinzi alikuwa ameshusha mti kwa ajili ya lori lililotangulia. Wendelini akasimama. Alishika breki, akatafuta mafuta kwa ncha ya kiatu, kiatu kikateleza. Injini ikafa. Akazungusha ufunguo, ikawaka, ikafa. Akazungusha tena, ikafa. Mlinzi alivua kofia akainua mti, lakini sasa aliyekuwa hatoki ni maiti.

Halafu akasikia Aidani akiruka chini.

"Wote mteremke," Aidani alisema. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mara ya kwanza kanisani, mara ya pili hapa. Dereva amesema gari haina kitu. Mimi siyo mtoto. Fransisko amegoma."

Hakuna aliyecheka wala kushangaa. Katika ukoo ule, na katika koo nyingi za huko, kila mtu anayo hadithi ya jeneza lililokataa kuvuka daraja mpaka mtu fulani aliposema alichokificha. Inafanyika hivi: wenye uchungu wanakaribia, mkubwa anamwita marehemu kwa jina, kisha mwenye deni naye anaongea. Safari inaendelea.

Aidani aliweka kiganja juu ya mbao. "Fransisko, mdogo wangu. Tuko njiani kwenda kwa baba. Kama kuna jambo limekukaa rohoni, tufungulie tulijue." Akamgeukia mjane. "Mama Pankrasi, njoo uongee na mume wako."

"Niongee nini, shemeji?"

"Unajua mwenyewe."

Wendelini alikuwa bado kabini, mikono juu ya usukani. Aliona kila kitu kwenye kioo cha pembeni. Ekaristia alikuwa ameshateremka. Aliinama dirishani kana kwamba anatafuta kitu kwenye kiti.

"Sema," alinong'ona. "Wewe mwanaume, sema sasa."

"Ngoja, ikiwaka itaisha."

"Itaisha nini?"

Lidwina alipiga magoti kwenye kokoto. Watu wa Kosta walikuwa wamezunguka, na wauza mahindi ya kuchoma wa getini wamesogea, wengine na simu juu.

"Baba Pankrasi," alisema. "Kama nilikukosea kwa kutokuleta nyumbani, nisamehe. Nilifuata maneno ya daktari."

"Lingine," alisema Severina.

"Nilikuwa nakupikia chakula bila chumvi. Ulinililia chumvi, nikakunyima."

"Chumvi!" mwanamke mmoja aliguna, utadhani imetajwa sumu.

"Ni presha," Lidwina alisema, akigeuka. "Wenye presha..."

"Ongea na yeye, siyo na sisi. Lingine."

Lidwina alipoongea tena sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kubeba, anayetua popote.

"Zile dawa za mizizi alizoleta kaka yako Aidani, ndoo nzima. Nilizimwaga. Nilikudanganya kwamba umezimaliza."

Aidani aliondoa kiganja chake kwenye jeneza taratibu. Dawa zile alikuwa amezichimba mwenyewe siku mbili, akazichemsha, akazisafirisha kwa basi amezipakata.

"Mmesikia," alisema. "Mimi sijasema kitu. Mmesikia kwa masikio yenu."

"Tumesikia," walijibu.

"Dereva, washa gari."

Wendelini aliwasha. Alikanyaga mafuta kwa nguvu, injini ikalia, na kwa hofu hakuuinua mguu hata nukta moja. Gari halikuzima. Mama mmoja akapiga kigelegele kifupi kisha akajishika mdomo.

"Ameridhika," Severina alisema akipanda. "Na ile nyumba ya Majengo tutaizungumza tukishazika. Mtu aliyemwaga dawa hawezi kukaa kwenye jasho la marehemu."

Ndani ya kabini Lidwina alikuwa na kokoto mbili ndogo zimemgandia gotini na hakuzitoa.

"Kaka," alisema mwishowe, "wataninyang'anya nyumba. Wanangu watalala wapi?"

"Hawawezi."

"Gari imewaka nilipotaja dawa. Wewe mwenyewe umeona." Akageuka akamtazama. "Kwani kweli alikuwa anajua? Kumbe alijua nazimwaga?"

Wendelini aliona kwamba mdogo wake, aliyesoma mpaka darasa la saba kama yeye, aliyemuuguza mtu mwaka mzima kwa kufuata karatasi ya daktari neno kwa neno, alikuwa ameanza kuamini.

*

Pale lami inapoachana na njia ya vumbi ya kwenda kijijini, watu walikuwa wamejaa pande zote mbili. Wanawake wa kijiji walikuja mbio wakilia, wakashika bodi, wakaupiga mlango. Mtu hawezi kupita bila kusimama hapo labda awe mchawi. Wendelini alikanyaga breki na mafuta pamoja, lakini pedeli ya breki ilirudisha mguu juu, akaikandamiza kwa yote miwili. Gari likasimama. Likafa.

Kilio kilikatika kama kimefinikwa na sufuria.

Aidani alisimama bodini, warefu wote wakiwa chini yake. "Kuna lingine," alisema. "Mama Pankrasi, teremka. Kuna lingine hukusema."

"Sina lingine, shemeji! Nimemaliza!"

"Teremka."

Lidwina alinyoosha mkono mbele ya Ekaristia, akashika mlango. Mkono wake ukatulia kwenye kitasa, na Wendelini akajua kwa nini umetulia: alikuwa anatafuta la kusema. Angelipata. Mtu akiambiwa "lingine" mara nyingi, hulipata hata kama halipo. Angesema jambo lolote ili gari liwake, na angeishi nalo.

"Kaa," Wendelini alisema.

"Kaka..."

"Kaa hapo hapo." Akafungua mlango wake, akashuka, akaenda mbele ya gari, akainua boneti mpaka ikagonga juu. Moshi na harufu ya petroli vikampiga usoni.

"Shemeji Aidani, shikamoo," alisema kwa sauti, ingawa walishasalimiana asubuhi. "Fransisko hajagoma. Gari yangu mbovu."

Kukawa na minong'ono. Aidani alikuja mpaka mwisho wa bodi. "Ulisema haina kitu."

"Nilikudanganya."

"Wewe!" Severina alidakia. "Unamwokoa dada yako. Damu nzito kuliko maji, tunaijua. Kama mbovu, mbona pale getini imewaka alipoongea?"

"Imewaka kwa sababu nilikanyaga mafuta. Ingekuwa mbuzi ameongea, ingewaka."

"Mnamsikia anavyoongea mbele ya maiti?"

"Severina, nyamaza," Aidani alisema. Akashuka chini. Alikuwa na miaka sabini kasoro na alishuka bila kushikwa mkono. "Mbovu wapi? Nionyeshe."

Wendelini alijua gari linazima. Hakujua linazimia wapi. Saimon alitaja mambo mawili na yeye hakumpa muda wa kutazama hata moja. Watu mia mbili walikuwa wanangoja, jeneza liko juani, na akishindwa kuonyesha, uongo wa pili ungeonekana mkubwa kuliko wa kwanza.

"Mama Renatha!" aliita. "Kaa kwenye usukani. Lete bisibisi, iko chini ya kiti."

Ekaristia alimpa bisibisi bila kumtazama. Aliondoa kifuniko cha hewa, akafika kwenye kabureta, akafungua skrubu iliyoshika ile jeti ndogo. Ilikuwa ya moto. Ilimchoma vidole viwili, akaishika hivyo hivyo. Kijipande cha shaba, kisichozidi punje ya mchele kwa unene, chenye tundu katikati. Kama kimeziba, ndicho. Akakiinua juani, akafumba jicho moja.

Tundu lilipitisha mwanga. Safi kabisa.

"Vipi?" Aidani aliuliza.

"Hapa hapana kitu."

"Tena hapana kitu," Severina alisema, na mtu mmoja akacheka puani.

Wendelini alirudisha jeti, akaikaza. Mikono ilikuwa inateleza kwa jasho. "Washa. Kanyaga mafuta kidogo tu, usiachie."

"Kidogo kiasi gani?" Ekaristia aliuliza.

"Kama unakanyaga yai la watu."

Injini ikawaka, ikashika mlio wa katikati. Wendelini akaingiza kichwa ndani ya boneti mpaka mabegani, akafunga macho. Mkanda ulipiga kelele, valvu ziligonga, feni ilipuliza. Chini ya yote hayo, kitu kilikuwa kinavuta pumzi. *Sssss*. Aliufuata mlio kwa sikio kama anayetafuta mwiba kwa kidole: siyo kwenye kabureta yenyewe, chini yake, nyuma, ulipo mpira mnene unaotoka hapo kwenda kuisaidia breki. Akaushika. Pale unapovaa kwenye chuma ulikuwa umepasuka, ufa wa urefu wa ukucha, na kila injini ilipotikisika ufa ulifungua mdomo.

Breki ngumu. Kuzima kila akisimama. Kwa wiki tatu mguu wake ulikuwa unamwambia na hakusikiliza.

Aliziba ufa kwa dole gumba. Mlio wa injini ukabadilika hapo hapo.

"Mama Renatha, toa mguu."

"Nitoe?"

"Toa kabisa. Inua miguu yote juu."

Ekaristia aliinua miguu. Gari likashuka, likatulia, likabaki linanguruma chini chini. Watu wakasogea. Sekunde kumi, ishirini. Wendelini akatoa dole. Injini ikatetemeka, jeneza likatetemeka, ikafa.

"Washa tena." Akaweka dole: ikakaa. Akatoa: ikafa.

"Unafanya wewe mwenyewe," alisema Severina, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Shemeji," Wendelini alimwambia Aidani, "leta mkono wako."

Mzee alisita, akakunja mkono wa koti, akaingiza mkono. Wendelini akaliongoza dole lake mpaka penye ufa. Gari likawashwa. Aidani akashtuka nusu auondoe mkono.

"Inanivuta!"

"Ndiyo hewa. Inapita hapo badala ya kupita inapotakiwa. Sasa toa."

Aidani akatoa. Gari likafa. Hakuambiwa, alimwashiria Ekaristia mwenyewe awashe, akaweka dole, akangoja, akatoa. Likafa. Mara ya tatu vivyo hivyo. Hatimaye akatoa mkono, akaufuta masizi kwenye suruali yake ya msibani.

"Ulijua lini?" aliuliza.

"Kwamba inazima? Wiki tatu. Leo asubuhi fundi alinikataza."

"Na kanisani nilipokuuliza?"

"Nilijua."

"Na pale getini, mdogo wako amepiga magoti kwenye kokoto, watu wanampiga picha. Ulijua."

Lidwina alikuwa ameteremka. Alisimama karibu na taa ya mbele na alikuwa anangoja jibu kuliko mtu yeyote.

"Nilijua," Wendelini alisema.

Lidwina hakupiga kelele. Alimtazama kaka yake mpaka kaka akainamisha kichwa, kisha akamgeukia Aidani.

"Dawa nilimwaga, shemeji. Hilo ni langu, sikulisema kwa kulazimishwa na gari. Daktari alisema zitagombana na zake. Niliogopa kukwambia. Unataka kunihukumu, nihukumu, lakini mbele ya watu wazima waliokaa kwenye viti, siyo barabarani."

"Ungeniambia tu," Aidani alisema.

"Ungekubali?"

Mzee alifikiri. "Hapana," alisema.

Wendelini alichomoa mpira, akakata kile kipande kilichopasuka kwa kisu cha kukatia mkaa, akauvuta uliobaki. Ulifika. Akauvisha tena, akaufunga kwa waya. Kazi yote haikuzidi muda wa kuchemsha chai, na haikugharimu hata shilingi. Akalegeza na ile skrubu aliyoipandisha Saimon. Gari likakaa sailensi, laini, bila mguu wa mtu, na hakuna aliyepiga kigelegele.

Lidwina hakurudi kabini. Walimsaidia kupanda bodini, akakaa chini upande wa kichwa cha mumewe. Severina alisogea kumpa nafasi.

*

Walizika saa kumi. Baada ya chakula, wenye msiba walikaa kwenye mabenchi mbele ya nyumba, na Aidani akasimama kutoa shukrani kama ilivyo desturi. Alimshukuru padri, chama, majirani waliochimba kaburi. Kisha akasema:

"Kuna neno lilitoka njiani, kwamba marehemu amegoma. Nililitoa mimi. Nimekosea, mnisamehe, na mjane anisamehe. Habari ya dawa tutaongea mimi na yeye. Nyumba ya Majengo ni ya mama na watoto, asije mtu kuiulizia kwangu." Akakaa, kisha akainuka nusu. "Na yule mwenye pikapu, mkimkodi, mkague kwanza mipira."

Watu walicheka, kicheko kile cha msibani kinachotafuta pa kutokea siku nzima. Wendelini alitazama sahani yake. Kabla jua halijazama, mtu wa Namtumbo aliyekuwa amemwekea kazi ya kubeba mbolea Jumatatu alikuja kumwambia kwa adabu kwamba amepata gari lingine. Mwingine hakuja hata kumwambia. Alimpa tu kisogo.

"Sasa?" Ekaristia aliuliza walipokuwa wanaelekea kwenye gari.

"Sasa nini?"

"Tutakula nini Jumatatu?"

"Mkaa upo. Watu wa mkaa hawaendi misibani."

"Watasikia. Songea nzima itasikia mpaka kesho asubuhi, wameturekodi."

Alijua. Aliwasha gari, likawaka, likatulia mahali pake likinguruma kama linalojisemea. Alikuwa anatafuta gia ya nyuma Lidwina alipokuja dirishani, amejifunga kanga nyeusi mpaka kidevuni. Mkononi alikuwa na mfuko wa maharage, akampitishia Ekaristia kupitia mbele ya kifua cha Wendelini.

"Wifi, mpelekee Renatha."

"Asante, wifi yangu. Jikaze."

Wendelini aliyafikiria magoti yake, yaliyogandiwa na kokoto. Alikuwa amepanga maneno tangu makaburini, marefu, yenye utangulizi. Yote yalimpotea.

"Lidwina, nilikuwa..."

"Usiseme, kaka. Leo nimesikia maneno mengi." Alishika ukingo wa dirisha, akalisikiliza gari kwa muda. "Siku ya arobaini utakuja?"

"Nitakuja. Nikikubaliwa."

"Uje," Lidwina alisema. Akaondoa mkono wake dirishani. "Lakini uje kwa basi."